Kukusanya Kora, Ngoni na Ala Nyingine za Nyuzi za Afrika Magharibi: Mwongozo Kamili, Kuanzia Kuchagua hadi Kutunza

Kora yangu ya kwanza niliinunua kwa macho. Ilikuwa imetundikwa ukutani katika duka la vinyago, buyu limepakwa vanishi hadi linang'aa, shingo imechorwa ramani ya Afrika kwa chuma cha moto, na muuzaji akaniapia kuwa ni ya babu yake. Nilipofika nayo Dar es Salaam nikamwita rafiki yangu mpiga gitaa tukaanza kukaza nyuzi mmoja mmoja. Hatukufika hata wa kumi. Ngozi ilibonyea chini ya daraja, yaani ubao unaobeba nyuzi, kama godoro lililochoka, kwa sababu ndani hakukuwa na ule mti wa kulibeba. Ilikuwa picha ya kora tu.

Tangu siku ile nanunua kwa sikio, kwa vidole na kwa maswali. Mwongozo huu ni kwa yeyote anayetaka kuanza kukusanya ala hizi, na msimamo wangu nautangaza mapema: ala isiyoweza kutoa sauti, na ambayo hujui aliyeiunda, ni nusu ya ala, hata ingekuwa na miaka mia.

Hatua ya 1: Chagua ukoo mmoja, uujue

Afrika Magharibi ina ala za nyuzi nyingi mno kwa mtu mmoja kuzijua zote. Anayenunua kila anachokiona huishia na ukuta uliojaa na kichwa kitupu. Anza na ukoo mmoja.

Ukoo maarufu zaidi ni wa *kora*, ala ya Wamandinka wa Gambia, Senegal, Guinea-Bissau, Guinea na Mali. Ina nyuzi 21, kumi na moja mkono wa kushoto na kumi mkono wa kulia. Huko Casamance, kusini mwa Senegal, utakuta yenye 22. Hupigwa na *jali*, yaani malenga wa kuzaliwa, ambaye kazi yake ni kutunza nasaba na kusifu koo. Majina kama Diabaté, Kouyaté, Suso na Cissokho ni ya koo hizo. Toumani Diabaté wa Bamako, aliyefariki mwaka 2024, ndiye aliyewafanya watu wengi duniani waijue kora, na baba yake, Sidiki, alikuwa bingwa kabla yake.

Ukoo wa pili ni wa *ngoni* (jina tu, halihusiani na Wangoni wa Songea). Ni mti mmoja uliochimbwa kama mtumbwi mdogo na kuwambwa ngozi, kwa desturi wenye nyuzi nne. Wawolofu wana ndugu yake, *xalam*. Wafulani wana *hoddu*. Wamauri wa Mauritania wana *tidinit*. Ukitaka kujua ala za namna hii zina umri gani, mkumbuke Ibn Battuta. Msafiri huyohuyo aliyefika Mombasa na Kilwa mwaka 1331 alifika pia Mali mwaka 1352, akaandika kuwa mfalme alitoka akitanguliwa na waimbaji wenye ala za nyuzi za dhahabu na fedha.

Usichanganye ngoni hiyo na *donso ngoni*, kinubi cha wawindaji wa eneo la Wasulu, kusini mwa Mali, chenye buyu na nyuzi sita, wala na *kamale ngoni*, mtoto wake aliyezaliwa katikati ya karne ya 20 ili vijana wapate ala ya kuchezea dansi bila kugusa ile ya wawindaji. Halafu kuna *akonting* ya Wajola wa Senegal na Gambia: buyu, mpini mrefu, nyuzi tatu, mmoja wao mfupi. Wanaochunguza asili ya banjo ya Marekani huitazama kwa makini sana.

Mwisho ni zeze za kupigwa kwa upinde: *goje* ya Wahausa, ambayo Wadagomba wa Ghana huiita *gonje*, na *imzad* ya Watuareg, inayopigwa na wanawake. Aliyewahi kumsikia Mgogo akipiga zeze atazielewa mara moja, maana ni jamaa moja.

Mimi nilichagua kora na ngoni. Kwa anayeanza na mfuko mdogo ningemshauri ngoni: haichukui nafasi, haivunjiki ovyo, na ndani yake unaona kila pigo la tezo.

Hatua ya 2: Ijue kora ilivyoundwa kabla hujaishika

Hapa usiharakishe. Buyu kubwa hukatwa katikati. Juu yake huwambwa ngozi ya ng'ombe ikiwa mbichi, ikavutwa, ikapigiliwa misumari ya vichwa vya mviringo kuzunguka ukingo, kisha ikaachwa ikauke juani hadi ikaze kama ngoma. Kabla ngozi haijakauka, miti mitatu huwa imepitishwa chini yake: miwili ya kushikia, inayochomoza upande wa mpigaji, na mmoja wa kukingama, unaokaa chini ya daraja. Huo wa kukingama ndio kora yangu ya kwanza haikuwa nao.

Shingo ni mti mrefu unaotoboa buyu kutoka juu hadi chini. Kwa desturi hutoka kwenye mti ambao wanasayansi huuita *Pterocarpus erinaceus*. Huyu ni ndugu wa mninga wetu, na ukimkata hutoa utomvu mwekundu vilevile. Fundi seremala wa Tabora angemtambua. Kwenye shingo huvishwa pete za ngozi iliyosukwa, moja kwa kila uzi, na mpigaji hukaza au kulegeza kwa kuzisukuma juu au chini. Kora nyingi za sasa zina funguo za chuma kama za gitaa badala ya pete. Hilo si kosa. Wapiga kora wenyewe wamezipenda kwa sababu haziwachoshi. Ila mkusanyaji ajue anachokinunua.

Nyuzi zamani zilikuwa vipande vyembamba vya ngozi ya paa vilivyosokotwa. Leo ni nailoni, mshipi uleule wa wavuvi, wa unene tofauti. Daraja ni ubao uliosimama wima, wenye mikato kila upande, na haligandishwi: linashikiliwa na mkazo wa nyuzi peke yake. Chini kabisa pana pete ya chuma inayobeba uzito wote. Na ubavuni mwa buyu kuna tundu la sauti. Mbali na kutoa sauti, jali hutumbukiza humo fedha anazotuzwa.

Hatua ya 3: Dakika ishirini mkononi

Ukipewa ala, omba kiti. Muuzaji asiyekupa dakika ishirini achana naye.

Anza na tundu la sauti. Washa tochi ya simu, chungulia. Tafuta ule mti wa kukingama. Tafuta nyufa za buyu kwa ndani, maana nje hufichwa na vanishi au nta. Ufa ulioshonwa kwa uzi au kamba usikutishe; ni ukarabati wa kienyeji wenye heshima, na mara nyingi ni dalili kwamba mtu aliipenda ala hiyo kiasi cha kuishona. Ufa uliojazwa gundi nyeupe ya plastiki ni habari nyingine.

Kisha pitisha kidole ukingoni, ngozi inapokutana na buyu. Ngozi nzuri imebana pande zote sawasawa. Pigapiga kwa kidole cha kati: itoe mlio, usisikie kishindo kizito cha debe lililojaa. Tazama mstari wa shingo kwa kuiweka jichoni kama mtu anayepima mbao. Kupinda kidogo kuelekea kwenye nyuzi ni kawaida, kujinyonga si kawaida.

Halafu wadudu. Buyu na mti laini huliwa haraka. Vitobo vidogo vya mviringo vyenye ukingo mweusi ni vya zamani. Vitobo vyenye ukingo mweupe na unga laini kama sembe vina mwenyewe ndani. Ukiwa na nafasi ya kuiacha ala dukani na kurudi, ilaze juu ya karatasi nyeusi. Unga ukidondoka kabla ya siku chache, jibu unalo.

Mwishowe tazama mikono ilipopita. Kipimo hiki ndicho ninachokiamini kuliko vyote. Kora hupigwa kwa vidole gumba na vya shahada, vile vingine vitatu vya kila mkono vikiwa vimeshika miti ya kushikia. Kwa hiyo kora iliyopigwa miaka mingi huwa na miti hiyo imelika, imekuwa laini na myeusi upande ambao vidole vitatu hukaa. Shingo yake, kinyume chake, haiguswi wakati wa kupiga. Ukikuta shingo imesuguliwa ikang'aa lakini miti ya kushikia bado ina kingo kali, mtu amekaa na msasa. Kwa ngoni mambo hugeuka: hapo vidole vya mkono wa kushoto hubana nyuzi kwenye shingo, basi shingo ndiyo itafutiwe alama.

Kwa ngoni na xalam chungulia pia mwisho wa shingo. Katika ala za malenga, shingo haitoboi mwili mzima. Huishia kwenye tundu lililo upande wa chini, na daraja dogo huvikwa kwenye ncha yake. Katika akonting mpini hupita hadi upande wa pili. Ukiuziwa "xalam ya kale" yenye mpini uliotokeza nyuma, uliza maswali zaidi.

Hatua ya 4: Uzee wa kweli na uzee wa moshi

Watu wanaouza uzee wana mbinu zao: moshi wa jikoni, rangi ya viatu, matope, kufukia ardhini wiki kadhaa. Moshi huweka weusi sawasawa kila mahali, hata chini ya pete za ngozi. Hivyo sukuma pete moja kwa upole. Chini yake, kama ala ni ya zamani kweli, utakuta mti wenye rangi nyepesi zaidi na mstari mahali pete ilipokaa. Kama weusi umepita mpaka chini ya pete bila kubadilika, rangi ilitangulia pete.

Usiwe mtumwa wa nyuzi. Nailoni haithibitishi upya wa ala kwa kuwa nyuzi hubadilishwa kila mara, na nyuzi za ngozi hazithibitishi ukale kwa kuwa zinaweza kusokotwa jana.

Na ukiambiwa kora ina miaka mia nne, shukuru kwa chai na uondoke. Mungo Park, Mskoti aliyepita nchi za Wamandinka mwishoni mwa karne ya 18, aliitaja ala ya nyuzi 18 iitwayo *korro*; huo ni miongoni mwa ushahidi wa mwanzo wa maandishi tulionao. Buyu na ngozi katika nchi yenye mchwa havidumu karne kwa karne. Ala za karne ya 19 zipo, lakini nyingi zimo katika makumbusho ya Ulaya. Sokoni, ala ya kweli ya miaka hamsini tayari ni kitu cha kujivunia.

Hatua ya 5: Nunua jina pamoja na ala

Kora mpya iliyoundwa na fundi anayejulikana, kwa mfano kutoka Brikama huko Gambia, mji wenye koo za kora za tangu enzi, nitaichukua mbele ya kora "ya kale" isiyo na mwenyewe. Ile mpya miaka thelathini ijayo itakuwa ya zamani yenye historia kamili. Ile nyingine itabaki kuwa fumbo.

Kwa hiyo uliza, na uandike hapohapo kwa kalamu: nani aliiunda, wapi, mwaka gani, buyu lilitoka wapi, ngozi ni ya mnyama gani, nani aliipiga, kwenye shughuli gani, nani aliikarabati, inakazwa kwa mkazo upi. Mifumo ya kukaza kora ina majina, kama *sauta*, *silaba*, *tomora* na *hardino*, na mpigaji halisi atakutajia bila kufikiri. Mwombe ruhusa umrekodi akiipiga dakika mbili tatu na kuitaja kwa lugha yake. Rekodi hiyo ihifadhi sehemu mbili tofauti, maana simu hupotea.

Jambo la adabu. Jali si muuza duka. Ukikaa naye, toa zawadi kwanza kabla ya kuzungumza bei, kama ambavyo usingemwendea malenga wa kwetu mikono mitupu. Na donso ngoni ina mambo yake. Chama cha wawindaji kina viapo na matambiko, na ala iliyotumika humo huenda si ya mtu mmoja kuiuza. Ukiona ina mabaki ya damu, manyoya au hirizi zilizoshonewa, usiinunue kwa dalali. Omba fundi akuundie mpya. Utapata ala ileile kwa sauti, na hutakuwa umemwibia mtu kitu chake cha ibada.

Bei sitaitaja kwa tarakimu, kwani hubadilika kwa mji na kwa mtu. Kanuni yangu ni hii: uundaji wa kora ni kazi ya siku nyingi, si ya alasiri moja. Bei inayokufurahisha kupita kiasi ni ya pambo la ukutani.

Hatua ya 6: Sheria, kabla ya kulipa

Wakusanyaji wengi hufika hapa wakiwa wamechelewa, ala ikiwa tayari mikononi mwa forodha.

Mti wa shingo ya kora uliingizwa katika Kiambatisho cha Pili cha mkataba wa CITES, unaosimamia biashara ya viumbe walio hatarini, na ukaanza kulindwa humo mwaka 2017. Sababu ilikuwa ukataji mkubwa wa magogo kwa ajili ya samani za Asia, wala si waunda kora. Mwaka 2022, kule Panama, ukoo wote wa miti hiyo barani Afrika uliingizwa, mninga wetu ukiwemo. Masharti ya magogo si sawa na ya kitu kilichokwisha kuundwa, kwa hiyo uliza ofisi ya CITES ya nchi unayotoka na ya nchi unayoingia, na majibu yawe kwa maandishi. Kenya anzia KWS, shirika la wanyamapori. Tanzania anzia Idara ya Wanyamapori.

Goje ni tatizo kubwa zaidi. Buyu lake kwa desturi huwambwa ngozi ya kenge, na jamii yote ya kenge imo katika orodha za CITES. Bila kibali cha kuitoa nchini usisafiri nayo. Ngozi ya mbuzi haina shida hiyo, na mafundi wapo watakaokuwambia goje ya mbuzi ukiwaomba.

Kando ya hayo kuna sheria za mambo ya kale. Nigeria hutoa kibali kupitia Tume ya Taifa ya Makumbusho na Mambo ya Kale. Ghana kuna Bodi ya Makumbusho na Mambo ya Kale. Hata kama ala yako ni mpya, karatasi inayosema "hiki si kitu cha kale" itakuokoa saa nzima uwanja wa ndege. Kwa kinachodaiwa kuwa cha zamani, dai uthibitisho wa lini kilitoka nchini kwake. Kama hakuna, usinunue.

Hatua ya 7: Safari ya nyumbani

Legeza nyuzi zote kabla ya kupanda ndege. Piga picha ya daraja na mpangilio wa nyuzi kwanza, kila upande, maana ukilitoa bila picha utahangaika. Lilaze daraja, lifunge kwa kitambaa, liingize kwenye tundu la sauti. Buyu lizungushie nguo laini kisha uliweke ndani ya sanduku gumu. Begi la kitambaa halitoshi. Shingo ipate egemeo chini ya kichwa chake, kwa sababu ndipo inapovunjika. Paketi mbili tatu za silika, zile chembe za kunyonya unyevu, ndani, na nakala ya vibali juu kabisa, mtu wa forodha aione kabla hajaanza kupekua.

Hatua ya 8: Kuitunza, hasa ukiishi pwani

Kora ni mtoto wa nchi yenye kiangazi kirefu. Ukiileta Tanga, Mombasa au Unguja, unyevu huanza kazi siku ya kwanza. Ngozi hunyonya maji ya hewani, hulegea, daraja huzama, sauti inakuwa ya kamasi. Masika, ukungu wa kijani hujitokeza upande wa ndani ambao huuoni.

Nunua kipima unyevu kidogo, si ghali. Makumbusho hupenda asilimia 45 hadi 55. Pwani hutafika huko bila mashine, basi lenga kubaki chini ya 65, kwa kuwa juu ya hapo ukungu hustawi. La muhimu kuliko tarakimu ni utulivu. Chumba chenye kiyoyozi kinachowashwa usiku na kuzimwa mchana huumiza ala kuliko chumba chenye joto la kudumu, kwa kuwa buyu na ngozi havitanuki kwa kasi moja, na mmoja akimvuta mwenzake ufa huzaliwa.

Usiitundike kwenye ukuta wa nje unaopata jua. Usiifunike kwa nailoni. Kanga kuukuu ya pamba inatosha, huzuia vumbi na hupitisha hewa. Usipake mafuta ngozi iliyowambwa, hata ukishauriwa na nani, maana mafuta huilainisha na ulitaka ikaze. Ukungu mchache futa kwa brashi kavu nje ya nyumba, ukiwa umeziba pua.

Wadudu wakiingia, dawa ya kupulizia iache, inatia madoa. Ala ndogo kama ngoni: legeza nyuzi, ifunge ndani ya mifuko miwili ya plastiki isiyopitisha hewa, iweke kwenye friza ya nyuzi joto 18 au 20 chini ya sifuri kwa wiki mbili. Ukiitoa, usifungue mifuko mpaka ipite siku nzima, la sivyo umande utaganda kwenye ngozi. Kora haiingii kwenye friza ya nyumbani. Tafuta mwenye chumba baridi cha samaki, na mifuko iwe mizito.

Ukarabati una mpaka mmoja. Nyuzi badilisha bila hofu. Ndivyo ala ilivyokusudiwa. Pete ya ngozi iliyokatika, mtafute anayejua kusuka. Lakini ngozi ya awali, misumari na shingo viache vilivyo hadi vishindwe kabisa kufanya kazi, na kila unachokitoa kihifadhi ndani ya bahasha yenye tarehe.

Ukivisha nyuzi mpya za nailoni, usikaze zote siku moja. Vuta nusu ya mkazo, uache usiku kucha, maana nailoni huendelea kutanuka. Jioni ya pili ongeza kidogo, ukianza na nyuzi nene za chini, ukienda kushoto na kulia kwa zamu ili daraja lisiegemee upande mmoja. Jioni ya tatu vivyo hivyo. Ya nne au ya tano zitaanza kushika. Hapo toa ile rekodi ya jali uliyoiweka sehemu mbili, isikilize, na ukaze uzi kwa uzi hadi ala yako ifanane nayo.